Gakara: Mgodi wa Kale Juu ya Ziwa Tanganyika

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea Rumonge huwa na ziwa upande wa kuume na milima upande wa kushoto. Mji uliokuwa ukiitwa Usumbura hadi mwaka 1962 ukisha kubaki nyuma, pamoja na Kiswahili chake cha Buyenzi na harufu ya ndagala wakavu, hazipiti kilometa nyingi kabla ya kufika Mugere. Hapo limesimama jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba, 1871. Wageni wengi hupiga picha, kisha hurudi mjini. Ni hasara yao, maana jambo la kutazamwa zaidi liko huko juu.

Kutoka Kabezi njia hupanda kuelekea Gakara. Kila mteremko umelimwa: migomba, mihogo, maharage, na nyumba katikati ya shamba, kila jamaa juu ya kilima chake. Chini ya mashamba hayo imo mishipa ya mawe yenye madini adimu, yale yanayotiwa katika sumaku za motokaa za umeme na mitambo ya upepo. Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1936, yakachimbwa tangu 1948 hadi 1978, na jumla iliyotoka katika miaka 30 hiyo ilikuwa kiasi cha tani 5,000 tu. Mwaka 2017 kampuni ya Rainbow Rare Earths ilianza tena kazi. Mwaka 2021 Serikali ya Burundi ikaisimamisha, ikieleza kwamba nchi haikuwa ikipata mgawo wake unaostahili.

Tangu hapo huulizwa kama mgodi wa kale wa namna hii waweza kuendeshwa kwa gharama ndogo. Wajuzi wa migodi wanayo njia moja isiyo ghali: kuporomosha mwamba. Wachimbaji hukata nafasi chini ya mwamba wenye madini, wakauacha uvunjike na kuanguka kwa uzito wake wenyewe, kisha hukusanya mawe kwa milango ya chini. Baruti hutumika kidogo, na mikono michache hutoa mawe mengi.

Lakini mwamba ukiporomoka chini, ardhi ya juu nayo hufuata. Huko Kiruna, nchini Sweden, ambako chuma huchimbwa kwa njia inayokaribiana na hiyo, imelazimu sehemu ya mji kuhamishwa. Mwezi Agosti 2025 kanisa lake la mbao lilibebwa zima juu ya magari kwa kilometa 5 hivi. Sweden inayo nafasi ya kuhamia. Mkulima wa Gakara akipoteza shamba lake hatapata kilima kingine kilicho kitupu. Isitoshe, milima ya nchi hii huanguka hata bila kuchokozwa: mwezi Desemba 2019 mvua iliporomosha udongo huko Cibitoke na kuua watu zaidi ya 20.

Hata kwa hesabu ya mawe peke yake, njia hiyo haifai hapa. Huhitaji mwamba mnene na mpana, ilhali mishipa ya Gakara ni myembamba, mahali pengi sentimita chache tu. Anayeuporomosha mwamba kama huo atakusanya kifusi kingi na madini kidogo. Kinachofaa ni kuufuata mshipa pole pole kwa sururu na tindo, kusimamisha matimba imara, na kujaza kifusi mahali palipokwisha kuchimbwa.

Ng'ambo ya mpaka, huko Mpanda, Tanzania, yapo mafunzo ya namna nyingine. Mgodi wake ulitoa risasi, na pamoja nayo fedha, shaba na dhahabu. Kwa ajili yake ilijengwa reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua, iliyokamilika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa. Reli ikabaki ikichukua abiria na nafaka, na huenda hiyo ndiyo faida iliyodumu kuliko risasi yote.

Jamaa waishio karibu na mashimo ya zamani, pamoja na askari wanaopewa lindo mahali kama hapo, wana mambo mawili ya kuangalia. Shimo lililokaa miaka mingi laweza kuwa na hewa isiyofaa kuvutwa, na mtu huanguka kabla ya kunusa lolote. Basi mtoto asifuate mbuzi humo, wala mzazi asimfuate mtoto. Tena mawe mazito ya mishipa ile yasifanywe mafiga wala kujengea ukuta wa chumba cha kulala, kwa kuwa baadhi yake yana thoriamu, ambayo hutoa mnururisho.

Kabla ya yeyote kurudi Gakara na sururu, ipo kazi ya bei nafuu kuliko zote: kupima na kuchora kila shimo lililoachwa tangu 1948, na kumwonyesha kila mwenye shamba kilicho chini ya migomba yake.