Maji ya Chai Yalianzia Kwenye Mtutu

Sisi tulioingia Vita vya Kagera kutoka mgambo tuliikuta SMG na sifa zake tayari. Bunduki ya Kichina, ukoo wa Kalashnikov: itupe matopeni, izamishe majini, itatoka ikilia. Sifa hizo zilikuwa za kweli kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Kijana akishaamini kwamba bunduki yake haikwami, haoni sababu ya kuifungua.

Sajini wa platuni yetu, askari wa siku nyingi, hakubishana na sifa hizo. Alitukalisha chini kabla hatujavuka mpaka kuingia Uganda kupitia Mutukula, Januari 1979, akatueleza jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Fataki ya nyuma ya risasi, alisema, ikilipuka huacha chumvi. Chumvi inavuta unyevu, na upande ule wa Ziwa Viktoria unyevu haukosekani. Mtutu umepakwa kromu ndani, utavumilia kidogo. Bomba la gesi halina uvumilivu huo. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi. Huondolewa na maji.

Kwa hiyo kila siku tuliyofyatua risasi, jioni sufuria ya chai ikichemka, maji ya kwanza yalikuwa ya bunduki. Nusu ya seksheni walifungua silaha, nusu walilinda, kisha tukabadilishana. Toa magazini, vuta koki, hakikisha chemba ni tupu. Ondoa kifuniko, springi, boliti na pistoni. Mimina maji ya moto kuanzia chemba hadi mdomoni, na kwenye bomba la gesi na pistoni pia. Chuma kikishika moto hukauka haraka. Pitisha kitambaa kikavu, halafu mafuta kutoka kwenye kichupa chake, na yawe machache, maana mafuta mengi hukamata vumbi. Mwisho magazini: kila risasi inatolewa, inafutwa, iliyobonyea inawekwa kando. Tulikuwa na njaa na usingizi, na wengine walinung'unika. Sajini hakufoka. Alirudia tu habari ya chumvi.

Machi 10 tukawa Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala inayopita katikati ya kinamasi. Brigedi yetu ya 201 ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajaonja vita. Jeshi la Idi Amin wa Uganda na Walibya waliomsaidia walipotumiminia makombora, safu ilivunjika, tukarudi nyuma kwa fujo. Sisi usiku ulitukuta ndani ya matete, maji kiunoni.

Alfajiri ya tarehe 11, kabla ya kushambulia upya, neno lilipita kwa kunong'ona kutoka mtu hadi mtu: mdomo chini, vuta koki kidogo, maji yatoke. Maji yakibaki mtutuni risasi inaweza kuupasua. Nilisikia bunduki zikichuruzika kushoto na kulia. Tulipoamriwa, zetu zililia.

Kijana mmoja wa seksheni nyingine alikuwa kando yangu. Risasi zake za mwanzo zilitoka, kisha ganda likanasa kwenye chemba. Akaipiga koki kwa kiatu, ikagoma. Wakati anahangaika nayo, mimi na mwenzangu ilibidi tugeuke kuulinda upande wake, na upande wetu ukabaki wazi. Aliyeshindwa na silaha yake alikuwa mmoja, waliobeba hatari tukawa watatu.

Kampala ilianguka Aprili 11. Tangu hapo vita vile husimuliwa kwa vifaru, kwa roketi za Saba Saba, kwa majina ya majenerali, na wanastahili. Lakini wanaofundisha vijana silaha leo nawaomba jambo moja. Wasiishie kuwatisha kwa ukaguzi na adhabu. Wawaeleze chumvi inatoka wapi na inafanya nini. Askari anayemwogopa mkaguzi husafisha bunduki siku ya ukaguzi. Sisi tulioelezwa sababu tuliendelea kusafisha hata baada ya sajini kujeruhiwa na kurudishwa nyuma, bila mtu wa kutusimamia.