Bahari iliyozama chini ya nchi yetu

Chapwa, Tunduma

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini kitabu chenu cha jiografia kinaeleza kwa kirefu visiwa vya volkano vya Japani, ilhali sisi tuna volkano za Rungwe na Ngozi jirani. Swali hilo limenifurahisha, nami nitakujibu kikamilifu.

Chini ya sehemu kubwa ya Japani, bamba la Pasifiki linazama kwa mwendo wa sentimita 8 hivi kila mwaka. Linashuka na maji yaliyofungwa ndani ya miamba yake. Kwenye kina cha kilomita 100 hivi, maji hayo huachiwa, yakapenya mwamba wa moto ulio juu yake. Mwamba wenye maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko mkavu. Uji wake hupanda, na volkano hujipanga kwa tao, zikifuata mfereji wa bahari bamba linakozamia.

Rungwe ina asili nyingine. Huku kwetu ardhi inatanuka kwa milimita chache kila mwaka, na hapo Rungwe ndipo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inapokutana: wa Rukwa, wa Usangu na wa Ziwa Nyasa. Mwamba wa moto unapopanda, mgandamizo hupungua, nao huanza kuyeyuka. Mlima Kyejo, katika safu hiyohiyo, ulilipuka karibu mwaka 1800.

Lakini usidhani habari za Japani hazituhusu. Kutoka Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Nyasa, kupitia Mbozi, umelala mkanda wa miamba mikongwe uitwao Ubende. Ndani yake mna eklojaiti, jiwe la kijani lenye chembe nyekundu za garneti. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walieleza kwamba baadhi ya mawe hayo yalikuwa sakafu ya bahari, yakazamishwa makumi ya kilomita karibu miaka bilioni 1.9 iliyopita. Hata miamba ya Lupa, Chunya, kunakochimbwa dhahabu, watafiti wameisoma kama mabaki ya mstari wa volkano uliosimama juu ya bamba lililokuwa likizama.

Bahari hiyo ilipokwisha kuzama, mabara ya kando zake yakagongana, na mkanda huo ukabaki kuwa mahali dhaifu. Nguo kuukuu huchanikia kwenye mshono, na Bonde la Rukwa limefunguka likifuata mwelekeo uleule wa Ubende. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi lilipiga eneo hilo, mojawapo ya makubwa zaidi kuwahi kupimwa Afrika. Leo watu wanaoishi kando ya ufa huo ni wengi mno kuliko wakati ule, na nyumba nyingi ni za tofali lisilo na nondo.

Kwa hiyo mwanangu, isome Japani kwa bidii. Bila kujua jinsi bamba linavyozama, huwezi kuelewa kwa nini ufa wetu umepita hapa ulipopita. Ukichagua jiolojia chuoni, nitasimama nawe kwa ada na kwa dua. Nchi hii inahitaji vijana wake wenyewe wanaojua kuusoma mwamba, ili wawashauri wajenzi wetu mapema, kabla ardhi haijatikisika tena.

Akupendaye,
Mjomba wako