Mashati Manne Mpakani

Mwaka 2017, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nilivuka mpaka kutoka Goma kurudi kwetu Gisenyi nikiwa nimevaa mashati manne. Jua lilikuwa kali na jasho lilinitiririka mgongoni. Mama alitangulia, amevaa magauni matatu na kujifunga kitenge juu yake. Afisa mmoja, mwanamke, alinitazama shingoni akahesabu kola moja baada ya nyingine. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mtoto, leo kuna baridi?" Tuliacha palepale mashati matatu na magauni mawili, tukaenda nyumbani bila kusemezana.

Mama yangu alikuwa akiuza nguo za mitumba. Kwetu Rwanda huitwa caguwa, na nilipoanza kujifunza Kiswahili vizuri ndipo nilipogundua kwamba neno hilo ni "chagua", lililovuka mpaka kabla yangu. Linaeleza biashara yenyewe: belo linafunguliwa, nguo zinamwagwa chini, mteja anainama na kuchagua. Kwa faida ya nguo hizo mimi na dada zangu wawili tulilipiwa karo.

Mwaka 2016 mambo yalibadilika. Mwezi wa Machi viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya kanda hii vipate kukua. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Piga hesabu: belo la kilo 45 lililotozwa dola 9 sasa lilitozwa dola 112.50. Mama hakuwa akiagiza nguo nje yeye mwenyewe, lakini ushuru ulimfikia kupitia bei ya jumla. Baada ya miezi michache belo moja lilimshinda. Ndipo safari za Goma zilipoanza.

Katika nyumba hiyohiyo alikuwapo shangazi yangu, fundi cherehani. Yeye alishangilia.

"Wifi, nani atashona gauni kwangu wakati kwako anapata la Ulaya kwa bei ya kifungo?" alimwambia mama.

"Na nani atakula kwako, wifi, karo ikinishinda?" mama alimjibu.

Mabishano yao yalirudi kila jioni wakati wa kuchambua maharage. Sikujua kwamba yalikuwa na umri wa miaka mia tatu na zaidi.

Nililijua hilo chuoni, katika somo la historia ya fikra za uchumi. Mwalimu alitueleza kwanza umekantili, yaani fikra kwamba taifa hutajirika kwa kuuza nje zaidi ya linavyonunua, na kwamba ni kazi ya serikali kulinda urari huo kwa ushuru, marufuku na ruzuku. Alitutajia Thomas Mun, mfanyabiashara wa Uingereza ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1664 baada ya kifo chake, na Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Kisha akaja Adam Smith na kitabu chake cha mwaka 1776, mmoja wa wazazi wa uliberali wa kiuchumi. Smith alisema kwamba lengo la uzalishaji wote ni matumizi, na kwamba umekantili humtoa mlaji kafara kwa faida ya mzalishaji.

Wenzangu waliandika. Mimi niliacha kalamu, kwa sababu niliwasikia shangazi na mama.

Mfano ulionigusa zaidi ulikuwa wa nguo. Mwaka 1700 bunge la Uingereza lilipiga marufuku uingizaji wa vitambaa vya pamba vyenye nakshi kutoka India, Uajemi na China, kwa sababu wafumaji wa sufu na hariri walilia kwamba vinawaua. Mwaka 1719 wafumaji wa London waliwavamia wanawake barabarani na kuwachania nguo za pamba walizovaa. Mwaka 1721 sheria nyingine ilikataza hata kuzivaa. Ililegezwa mwaka 1774, wakati viwanda vya pamba vya Waingereza wenyewe vilikuwa vimeanza kusimama. Hapo nilimpa shangazi alama: waliotuhubiria soko huria walijifungia mlango kwanza.

Lakini alama hiyo haikudumu. Wenzetu Kenya, Tanzania na Uganda walilegeza msimamo kwa shinikizo la Marekani kuhusu kubaki kwetu katika AGOA, mpango wa kuruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia nchini humo bila ushuru. Rwanda haikurudi nyuma, na mwezi wa Julai 2018 nguo zake ziliondolewa katika msamaha huo. Nikajiuliza, huo nao ni uliberali gani unaofungua soko la mwingine kwa kufunga lako? Na viwanda vyetu, je, vinauza wapi vikikua? England ya mwaka 1721 ilikuwa na makoloni ya kuuzia. Sisi hatuna.

Hata kitenge anachoshona shangazi, kitambaa chake kinatoka nje. Ushuru wa mtumba ulimpa wateja, lakini haukumpa pamba wala uzi.

Kwa hiyo simchagui Mun wala simchagui Smith kwa ujumla. Jambo ninaloliamini ni dogo kuliko nadharia zao. Smith mwenyewe aliandika kwamba pale ambapo watu wengi wanaishi kwa kazi iliyolindwa, utu unadai ulinzi uondolewe polepole. Nasema utu huohuo unadai ulinzi uwekwe polepole, na anayebomolewa kibanda aonyeshwe kwanza mahali pa kujenga kingine. Nchi ina haki ya kungoja viwanda vyake vikue. Swali ni nani anayelala njaa wakati wa kungoja, na kama aliulizwa.

Mama aliacha caguwa mwaka 2019. Sasa anauza vitambaa mbele ya chumba ambacho shangazi anashonea. Faida ni ndogo kuliko zamani, na dada yangu mkubwa hakumaliza sekondari. Hilo haliandikwi katika urari wa biashara.

Likizo iliyopita niliwasimulia habari za Smith. Mwaka 1778 aliteuliwa kuwa kamishna wa forodha Edinburgh. Aliposoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, aligundua kwamba karibu tai zake zote na leso zake zilikuwamo, akazichoma moto. Shangazi alicheka mpaka akashusha mguu kutoka kwenye cherehani.

Mama hakucheka. Aliendelea kukunja vitambaa, kisha akasema, "Yeye alichoma za kwake, mwanangu. Na kesho yake alikuwa na mshahara."