Gundi ya Wali

Tiara za utotoni mwetu hazikumgharimu mzazi hata ndururu. Chelewa tulizichomoa kwenye ufagio wa uani, gazeti tuliliomba dukani, lile la kufungia sukari, uzi ulitoka kwenye kikapu cha ushoni cha mama, na gundi ilikuwa wali uliobaki sufuriani tangu usiku. Unabonyeza punje chache kwa kidole gumba, unazipaka ukingoni mwa karatasi, unakunja, unaanika. Mkia ulikuwa ukanda wa kanga kuukuu. Mkia ukiwa mfupi tiara hupiga mbizi, ukizidi urefu haipandi, na elimu hiyo hatukufundishwa na mtu. Tuliipata kwa kutazama tiara za wenzetu zikinasa kwenye nyaya za umeme. Watu wazima walikuja kujua baadaye sana, ufagio ulipobaki nusu.

Mwanangu alipotaka tiara, nilishika simu. Ajabu ni kwamba kuitengeneza nilikuwa najua, na vidole vingekumbuka. Lakini nimekuwa baba wa zama hizi: nikiulizwa jambo, hata nilijualo, mkono huenda mfukoni. Kwenye YouTube bwana mmoja mwenye meza safi na mikono safi zaidi alitumia vijiti vya mwanzi vilivyopigwa msasa, karatasi nyembamba ya rangi, utepe wa gundi na rula ya chuma. Tukaenda dukani. Tiara ilitoka nzuri kweli, na upepo wa kusi ulipoitwaa pale ufuoni ilipanda bila kusitasita. Ila aliyekuwa akikimbia mchangani, tumbo mbele, ni mimi, na mwanangu amesimama kando ananipiga video. Aliniambia nirudie, kwa sababu mara ya kwanza uso wangu haukuonekana.

Tangu siku ile nakitilia shaka kila kinachoitwa cha kujitengenezea nyumbani. Chukua slaimu, ule ute wa rangi ambao watoto huuvuta na kuuminya mpaka uingie kwenye sofa usitoke tena. Maelekezo yanataka gundi nyeupe, magadi ya kupikia, na maji ya kusafishia lenzi za macho. Nyumbani kwetu hakuna avaaye lenzi. Shangazi ya mwanangu ana miwani, na miwani hupanguswa kwa ncha ya leso. Mfamasia aliniuliza lenzi zangu ni za aina gani, nikamweleza ukweli, akacheka, akasema mimi si mzazi wa kwanza juma hilo. Baadaye nilisoma kwamba ndani ya maji yale mna chumvi za boroni, na hizo ndizo zinazoifunga gundi hadi ivutike. Maji ya bomba hayaiwezi kazi hiyo. Sawa. Lakini ukipiga hesabu, mtoto angenunuliwa slaimu iliyokwisha kutengenezwa, na chenji ya aiskrimu ikabaki.

Shule zilipofungwa Machi 2020 ndipo mambo yalipozidi. Kila nyumba iligeuka darasa na karakana, na kila simu ikawa na kazi ya mikono ya kuwatuliza watoto. Sisi tuliangukia unga wa chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji. Unakanda, unafinyanga, unakausha, unapaka rangi. Tulifinyanga ngamia wa ufuoni, mashua, na Fort Jesus iliyofanana zaidi na chapati iliyokunjwa. Maelekezo yalisema vitu hivyo hudumu miaka. Walioyaandika, nadhani, wanaishi kwenye nyumba zenye hewa kavu na vipasha joto. Chumvi hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa mwezi wa Mei ina unyevu wa kugawa. Ngamia alianza kutoka jasho. Rangi ikachuruzika, miguu ikalegea, na kabla ya Idi alikuwa amelala kifudifudi juu ya kabati la sahani. Binti yangu mdogo alilia, kisha akaanza kumwuguza, na mchezo huo wa kumwuguza ngamia ulidumu kuliko kazi yote ya kumfinyanga. Haukuwa kwenye maelekezo.

Wakati uleule ilizuka kahawa ya povu kutoka Korea Kusini, ile iitwayo dalgona, ikaizunguka dunia kwa majuma machache. Kahawa ya unga, sukari na maji moto, vyote kipimo kimoja, upige mpaka liinuke povu zito, kisha ulimwage juu ya maziwa baridi. Mke wangu alipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Baba yangu, mtu wa kahawa chungu ya dele maisha yake yote, alionja, akaiweka gilasi chini kwa adabu, akauliza kahawa italetwa saa ngapi.

Mapishi ya Kimarekani nayo yana mtego wake. Yanasema weka oveni digrii 350. Oveni yetu mwisho wake ni 250. Wenzetu hupima kwa Farenihaiti, sisi kwa Selsiasi, na 350 yao ni kama 177 yetu. Asiyelijua hilo huzungusha kitufe mpaka kigome, na keki hutoka na ganda jeusi na tumbo bichi. Kikombe chao ni mililita 240 hivi. Vikombe vya kabatini kwetu vina ukubwa wa kila aina kwa sababu vingi ni zawadi za harusi. Mama alipimia kikombe cha bati chenye pengo, na kwa kuwa kilikuwa hichohicho miaka yote, hakikuwahi kumdanganya.

Kitu kilichotoweka kabisa ni takataka nzuri. Tulikuwa na waya wa kuundia magari, vifuniko vya soda, vifuu, makopo ya maziwa ya unga ya kufanyia ngoma. Mpira tuliusokota kwa majuala, ile mifuko myepesi ya plastiki, tukaufunga kwa kamba hadi ukadunda. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na sina neno, fukwe zetu zilikuwa zimechafuka vya kutosha. Lakini mpira wa majuala ulikwenda na amri hiyo, na sikumsikia mtu aliyeuaga.

Ndara zimepanda cheo. Kule Lamu mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ndara kuukuu zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nilimwonyesha mwanangu picha zake, naye akastaajabu sana. Nilimweleza kwamba kwetu ndara moja ilitoa magurudumu manne ya gari la waya, na mwenye ndara akabaki na ya mguu mmoja akituapiza. Akaniuliza gari la waya linauzwa wapi.

Nisiwasingizie watu wa zamani usafi wasiokuwa nao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliingiza ufundi na sayansi kimu katika shule za msingi, nasi tukaambiwa tulete miko, mifagio na vikapu tulivyotengeneza kwa mikono yetu. Nusu ya miko ya darasa letu ilitoka soko la Kongowea, ikakwaruzwa kwa kipande cha chupa ili ionekane imechongwa na mtoto. Mwalimu alijua. Alijua pia kwamba mkwaruzo nao ni kazi ya mikono, akatoa alama.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa nchi nzima mwaka 2019, una nia njema ileile. Siku hizi ujumbe huja kwa WhatsApp saa mbili usiku: kesho kila mtoto aje na nyumba ya katoni. Hapo kundi zima la wazazi huwa mafundi. Mmoja anauliza nani ana katoni ya ziada, mwingine amekwisha tuma video, wa tatu anatuma picha ya nyumba iliyokamilika, ghorofa mbili, na chini yake ameandika kwamba mtoto amejitahidi. Usiku mmoja wa namna hiyo umeme ulikatika mtaani kwetu, simu ilikuwa haina chaji, nami nilikuwa nimechoka. Mwanangu alikata katoni peke yake kwa makasi butu, kwa mwanga wa taa ya kandili. Nyumba ilitoka imeegemea upande. Mlango ulikuwa juu ya dirisha, na paa alilibandika kwa, Mungu ni shahidi, wali. Sikumfundisha. Gundi ilikuwa imekauka chupani na wali ulikuwa mezani.

Asubuhi nilimpeleka hadi langoni. Watoto walikuwa wakiingia na majumba yenye madirisha ya plastiki angavu, vigae vya paa vilivyokatwa kwa wembe, bustani za majani bandia. Nyuma ya kila nyumba alikuwa baba au mama mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwanangu aliwatazama, akaifungua begi, akaitazama yake, akaifunga. Alikaa na nyumba ile begini siku nzima, akarudi nayo jioni, akaniambia mwalimu hakumwita. Nilijua ndiye aliyejificha. Jambo hilo liliniuma kuliko bei ya gundi zote nilizowahi kununua, na hadi leo nikiona kwenye kundi picha ya kazi iliyonyooka mno, sitoi pongezi. Watu hudhani nina kijicho. Wadhani.

Jikoni ni habari nyingine, na huko simu naishukuru. Sisi wavulana tulipokua kidogo tulifukuzwa jikoni. Dada zetu walianza kwa kupikapika kwenye vifuu chini ya mwembe, mchanga ukiwa wali na majani yakiwa mchicha, wakaishia wanajua. Sisi tukaishia tunaletewa. Mapishi yote niyajuayo nimeyapata ukubwani, mengi kwa wanawake wa Mombasa na Zanzibar wanaopika mbele ya kamera kwa Kiswahili. Hawa hawanisemeshi habari za 350. Wananiambia tui la kwanza, iliki iliyotwangwa sasa hivi, moto wa wastani. Kwao nilijifunza mkate wa kumimina, na mwanangu akajifunza pamoja nami, kwa sababu hakuna aliyemfukuza.

Mama yangu aliupika mkate huo kila Ramadhani bila kupima kitu, makaa yakipaliwa juu ya kifuniko ili uive pande zote mbili. Sasa naye ana simu. Huwatazama wapishi haohao na kubishana nao. "Hamira hiyo nyingi, mwanangu, utaona," humwonya mwanamke aliyerekodiwa mwaka juzi. Nilipompelekea wa kwangu, niliouivisha chini kwa gesi kisha nikauingiza kwenye oveni upate rangi juu, aliukata, akakagua vitundu vyake, akatafuna kipande taratibu.

"Umetoka," akasema. "Lakini si ungeliniuliza mimi?"

Nikamwuliza palepale. Hamira kiasi gani, mama? Akakusanya ncha za vidole. "Kiasi." Na uumuke kwa muda gani? "Mpaka uumuke." Mjukuu wake alikuwa ameshika penseli tayari kuandika. Aliandika "kiasi", akaifuta, akamwomba bibi yake aziweke tena ncha zile za vidole ndani ya kijiko.

Kwa hiyo vipimo ninavyo, na nitakupa. Vikombe viwili vya mchele, uroweke usiku kucha, uuchuje, uusage na tui zito la nazi mpaka usisikie chembe. Hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kikombe kasorobo, iliki usiionee huruma. Ufunike mpaka uumuke. Sufuria ipate moto kabla, uipake mafuta hadi ubavuni. Wakati wa kumimina ukifika, mwachie mtoto, na umwagike utakavyomwagika, usimpige picha.