Gurudumu Moja Ndilo Lililochemka

Kwa wiki tatu ufunguo wa Land Rover ulikaa mfukoni mwa baba. Kijana wake wa miaka 19, aliyepata leseni juzi juzi, alirudi kupanda daladala, na mama akarudi kupeleka ndizi zake Soko la Kilombero kwa bodaboda. "Unakanyaga breki kama unakanyaga matope," baba alimwambia, na kesi ikaishia hapo.

Gari ni la marehemu babu: Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, lenye breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Asubuhi ile kijana alikuwa akishuka mteremko wa Ilboru, wadogo zake wawili wamekaa nyuma na sare za shule. Kabla ya kufika barabara kuu alisikia harufu ya kuungua. Pedali ikalainika, kisha ikazama. Akarudisha gia ya pili, halafu ya kwanza, akaliegemeza gari ukingoni. Hakuna aliyeumia.

Jioni alisema, "Baba, lililochemka ni la mbele kushoto tu." Baba akaona ni mtoto anayejitetea.

Hatimaye baba alilipeleka gari mwenyewe gereji, Unga Limited. Swali la kwanza la fundi lilikuwa, "Yamechemka mangapi?"

"Moja."

"Basi dereva muache. Angekuwa ameegemeza mguu kwenye pedali, yangechemka yote, au angalau yote mawili ya mbele."

Fundi alilipiga jeki gurudumu lile, akamwambia baba akanyage breki na kuachia. Gurudumu likagoma kuzunguka. Akalegeza nati ya kutolea upepo; mafuta yakaruka, na gurudumu likazunguka lenyewe. "Lingebaki limekaza," alisema, "tungetafuta springi iliyochoka, silinda iliyoganda au breki shuu zilizobanwa mno. Hapa mafuta yalinasa."

Kosa lilikuwa kwenye mpira wa breki. Nje ulionekana mzima. Ndani ulikuwa umevimba. Nguvu ya mguu ilisukuma mafuta yapite, lakini yalishindwa kurudi. Breki shuu zikaendelea kusugua dramu, joto likapanda hadi mafuta yakachemka na kutoa mvuke, ndiyo maana pedali ilizama. Fundi alibadilisha mipira yote miwili ya mbele na mafuta yote, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, yakawahi kuchemka. Akaonya pia: dramu yenye moto isimwagiwe maji, inaweza kupasuka.

Baba alimkuta kijana akikata majani ya ng'ombe.

"Uliniambia ni la kushoto."

"Ndiyo, baba."

"Nilikusikia, ila sikukusikiliza. Watoto walikuwa ndani ya gari, nikaogopa, nikatafuta wa kumlaumu. Nisamehe, mwanangu."

Akamkabidhi ufunguo.

Jumatatu asubuhi baba alikaa kiti cha abiria. Kijana aliingiza gia ya pili kabla mteremko haujaanza, na baba hakusema neno. Walipofika chini alishuka, akasogeza kiganja karibu na gurudumu la kushoto bila kuligusa, kisha la kulia.

"Yako sawa," alisema. "Wapeleke wenzako shule."