Ofisi Inapohama, Nani Hubaki na Kodi ya Pango?

Wahenga walisema mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Nimefundisha uchumi wa miji kwa miaka kadhaa, lakini maana ya methali hiyo nilifundishwa na dada yangu, ambaye elimu yake iliishia kidato cha nne.

Dada alikuwa na fremu ya steshenari eneo la Posta, Dar es Salaam, hatua chache kutoka lango la wizara moja. Alikuwa na mashine mbili za kudurufu, kompyuta moja na binti wa kumsaidia. Wateja wake wakubwa hawakuwa watumishi wa wizara, bali watu waliofuata huduma pale: mkandarasi aliyetaka nyaraka za zabuni zifungwe kabla ya saa nne, mstaafu aliyeambiwa arudi na kivuli cha kitambulisho, mwalimu aliyetoka mkoani na barua isiyochapwa.

Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali ingehamia Dodoma, mkataba wa dada ulikuwa unakaribia kwisha. Alinipigia simu.

"Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu. Nisaini miaka miwili, au nitafute kwingine?"

Nikamjibu kwa kujiamini. "Dada, uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Una umri unaokaribia wako, na bado wizara zipo hapa. Saini."

Akasaini, akalipa kodi ya mwaka mzima.

Septemba mwaka huohuo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameshahamia Dodoma. Wizara zikafuata, baadhi zikianzia katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma kabla Mji wa Serikali wa Mtumba haujajengwa. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Ahadi niliyoidhani imezeeka ikatimia, na foleni mbele ya mashine za dada ikatoweka.

Kosa langu lilikuwa la kitaaluma kabla ya kuwa la kifamilia. Nilihesabu watumishi wanaohama, nikasahau wanaowafuata. Kampuni ya Boeing ilipohamisha makao yake makuu kutoka Seattle kwenda Chicago mwaka 2001, viwanda vyake vikubwa vya ndege vilibaki Everett na Renton, na maelfu ya mishahara ikabaki pamoja navyo. Wizara haina kiwanda cha kuacha nyuma. Ikiondoka, huondoka na mlango wenyewe ambao watu walikuwa wakiubisha, na aliyekuwa akiuza nakala, chai au wali maharage kando ya mlango huo hana tena cha kusimamia.

La pili nililolisahau ni ugumu wa kodi ya pango kushuka. Vitabu vyetu husema wapangaji wakipungua, bei hupungua. Dada alimwendea mwenye jengo kuomba apunguziwe, akakataliwa, ilhali vyumba viwili vya jirani vilikuwa vimefungwa. Nilimwona mtu yule kuwa hana akili. Baadaye nikaelewa hesabu yake: thamani ya jengo, na mkopo unaodhaminiwa na jengo hilo, hukadiriwa kwa kodi inayotozwa. Akimpunguzia mmoja, wote watadai, na benki nayo itauliza. Kwake, chumba kitupu kilikuwa hasara ya muda, lakini kodi iliyoshushwa ilikuwa hasara ya kudumu. Hivyo mpangaji mdogo ndiye aliyebeba mzigo wa uamuzi ambao yeye na mwenye jengo wote hawakuufanya.

Sisemi kwamba kuhamia Dodoma lilikuwa kosa. Nchi ina haki ya kuweka makao yake katikati, na wapo waliofungua fremu kule wakainuka. Lakini aliyeinuka Dodoma si yule aliyeanguka Posta, na kuwajumlisha wawili hao ili tupate wastani mzuri ni kuificha hasara ya mmoja ndani ya faida ya mwingine. Ofisi kubwa inayohama, iwe ya umma au ya kampuni, iwape majirani zake ratiba ya maandishi mapema. Na mikataba ya fremu iwe na kifungu kinachomruhusu mpangaji kujitoa endapo taasisi iliyotajwa itaondoka. Hilo halihitaji fedha za bajeti.

Dada aliuza mashine moja, akahamishia nyingine Temeke, karibu na shule ya sekondari. Anadurufu mitihani ya majaribio, na maisha yanakwenda. Sikukuu zote tunakula pamoja, na bado hunitambulisha kwa wageni kama msomi wa familia. Mwaka jana aliongeza mkataba wa fremu yake mpya. Nilipata habari hiyo kwa binti yake, mkataba ukiwa umeshasainiwa.