Kiraka cha Kanga Juu ya Suruali ya Jinzi



Leo nataka kukuhadithia jambo dogo la sindano na uzi, lakini ndani yake mna kosa langu mwenyewe, na naliandika ili wewe usije ukaliingia. Mimi nimezaliwa Kilwa, na riziki ya Mwenyezi Mungu ikanichukua hata Mpitimbi, kusini ya mji wa Songea, nchi ya mahindi na ya baridi kali miezi ya Juni na Julai. Msikiti wetu ni mdogo. Kila mtu amjua mwenziwe, na asiyefika pengo lake huonekana.

Ijumaa moja mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuja msikitini amevaa suruali ya jinzi iliyochanika pajani na magotini. Khutba ilikuwa haijaanza. Alipopita mbele yangu nilimwambia, kwa sauti iliyosikiwa na safu zote, kwamba hapa si mahali pa wahuni, atoke. Akatoka kimya, viatu mkononi. Ijumaa ya pili hakuja, wala ya tatu.

Sasa nakuuliza, msomaji: je, nilikuwa na haki? Kwa upande wa hukumu nilikuwa nayo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, uchi wa mwanamume katika sala ni baina ya kitovu na magoti, na tundu la pajani likionyesha ngozi sala haisihi. Mtu anaposimama tundu hufumba, lakini akirukuu na kusujudu hupanuka. Hayo ni kweli na yapasa kusemwa. Lakini kusema kweli ni jambo moja, na kumfedhehesha mtu kwa hiyo kweli ni jambo jingine. Unakijua kisa cha yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Madina. Masahaba waliinuka kumkemea, Mtume (S.A.W.) akawazuia mpaka amalize, kisha akaamuru pamwagwe ndoo ya maji, na bedui akafundishwa kwa upole. Aliyenajisi msikiti hakufukuzwa. Mimi nikamfukuza mtoto wa dada yangu kwa tundu la suruali!

Aliyeniamsha ni mke wangu. Aliniuliza: "Bwana, mtoto umemtoa. Je, umempa suruali nyingine?" Sikuwa na jawabu.

Nikamwendea kwake. Akanipokea kwa adabu, akanipa kigoda, na nilipotaja suruali akasema: "Mjomba, niliinunua Songea mjini, katika fungu la mitumba. Zile nzima sikuzimudu. Na sitakuficha, nilipoivaa niliipenda." Basi angalia: mimi nilihukumu kwamba ni kuiga tu, na kumbe nusu ya kisa ilikuwa ufukara. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atuonya tujitenge na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Aya hiyo nimeisomesha watoto miaka mingi, na siku ile nikaona kuwa sijaisoma.

Vazi lenyewe lina historia ya kuchekesha. Tarehe 20 Mei 1873, huko Marekani, Levi Strauss na Jacob Davis walipewa hataza ya kupigilia misumari midogo ya shaba katika pembe za mifuko ya suruali za kazi, kusudi zisichanike. Nguo iliyobuniwa isichanike, leo huchanwa kiwandani kwa makusudi na kuuzwa kwa bei ya juu! Kisha ikichokwa hufungwa katika marobota na kuletwa kwetu. Mitumba iliingia kwa wingi Tanzania baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Walioishi hapa mwanzoni mwa miaka ile watakumbuka jinsi nguo na sabuni zilivyokuwa adimu, na mtu mwenye kiraka hakuchekwa, kwa sababu hapakuwa na wa kumcheka.

Wala ukali juu ya mavazi si jambo geni nchini. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Nia ilikuwa kulinda heshima, lakini mjini Dar es Salaam wako wanawake walioshambuliwa njiani na makundi ya vijana. Sketi ikawa fupi, na heshima ya aliyempiga mwenye sketi ikawa fupi zaidi. Mimi sikumpiga mtu, lakini ulimi wangu ulifanya kazi ile ile.

Basi tukaamua kuitia viraka, na mke wangu akashika shauri kwamba tushone sisi wenyewe, mimi na kijana, yeye atuelekeze tu. Amekulia katika kushona kofia za mkono, na macho yake hayasamehe mshono mbovu. Nilitaka kukataa, nikakumbuka kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Nani mimi, nione haya kushika sindano?

Dukani palikuwa na kitenge kizuri chenye picha za ndege. Tulikiacha, kwa kuwa ni nguo ya kusalia. Kijana akaingia ndani, akatoka na kanga ya marehemu mama yake iliyokwisha chakaa katikati, lakini pindo zake zingali imara. Hapakusemwa neno. Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili, akakata katika pindo, na yale maneno ya kanga akayaweka kando, akisema maneno ya mtu hayakai gotini.

Kazi yenyewe ni hivi, na wewe waweza kuifanya. Fua kwanza suruali na kitambaa cha kiraka, maana kitambaa kisichofuliwa hurudi baadaye na kukunjamana. Kata kiraka kizidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Kitie kwa ndani, na ndani ya mguu wa suruali tia kibao, usije ukashona mbele na nyuma pamoja. Shikiza kwa bandi ndefu. Ukiitazama jinzi iliyochanika utaona nyuzi za buluu zimekatika na nyeupe zimelala ziking'inia. Usizikate, zishonee juu ya kiraka, zina nguvu bado. Kunja kingo za tundu, uzishone kwa mishono midogo iliyokaribiana, kisha pitisha safu za mishono juu ya kiraka kizima, kama zile za kofia. Goti usilikaze, liache lipate kupinda. Goti moja lilituchukua jioni mbili. La kwanza nililishona vibaya nikaamriwa kulifumua.

Ilipokwisha ilikuwa nzuri kuliko ilivyonunuliwa, na hapo nikaona nitoe tahadhari ya pili. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliwalaumu baadhi ya watu wa tasawwuf waliochukua nguo nzima wakazikata, wakaunga vipande vya rangi mbalimbali ili waonekane mafakiri. Lakini Anas bin Malik alimwona Sayyidna Umar (R.A.), naye wakati ule ni Amirul Muuminina, ana viraka vitatu baina ya mabega, kimoja juu ya kingine, kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik. Kiraka ni kile kile. Nia ndiyo iliyotofautiana. Wa Umar ulikuwa wa haja, wa wale ulikuwa wa kutazamwa. Na uzuri haukukatazwa: Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri, na kwamba kibri ni kukataa haki na kudharau watu.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Siku ile msikitini, mwenye kibri hakuwa aliyevaa suruali iliyochanika. Alikuwa mwenye kanzu nyeupe katika safu ya mbele.

Ijumaa iliyofuata kijana alikuja. Nami, kabla ya khutba, nikasimama nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimfukuza, kwa kuwa fedheha ya hadharani haifutwi kwa minong'ono ya faragha. Mzee mmoja akacheka kuona maua ya kanga magotini. Kijana akasema, "Mjomba ndiye aliyeyashona," na msikiti mzima ukanigeukia mimi.

Basi, ndugu msomaji, mwanao akija na nguo iliyochanika, usianze na ulimi. Anza na sindano. Muulize kwanza, kisha mfundishe, na ukiweza mshonee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta baina ya mzazi na mwana hujengwa upesi kuliko wa nyumba.

Mwenyezi Mungu atusitiri sote kwa vazi la ucha Mungu, ambalo ndilo bora, na amrehemu dada yangu. Amin.